Mgeni, Mwenyeji na Mwenzetu: Je, Mtu Aweza Kuingia Kweli Katika Utamaduni Usio Wake?

Utangulizi

Mwezi wa Oktoba mwaka 1896 wamisionari wawili wa Misioni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika Akeri katika nchi ya Meru, mahali pasipo mbali na Makumira, wakapiga kambi ili waanze kazi. Siku chache baadaye waliuawa usiku, pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Tumezoea kuisimulia habari hii kama habari ya mashahidi wa imani, na ndivyo ilivyo. Lakini iko sehemu yake ambayo hatuisemi mara nyingi. Wale waliowaua hawakuwajua hata kidogo. Waliwaona Wazungu, na Mzungu waliyemfahamu ni yule wa jeshi la kikoloni, ambalo siku zizo hizo lilikuwa na kikosi karibu na hapo. Na wale Wachaga waliokufa pamoja nao walikuwa wageni vilevile, ingawa nchi yao haikuwa mbali na mlima huu wa Meru.

Hivyo Injili ilipofika kwetu ilifika mikononi mwa wageni, na tangu siku ile swali la mgeni halijatuacha. Je, mtu aliyezaliwa na kulelewa mahali pengine aweza kuingia kweli katika utamaduni wa watu anaokaa kwao, hata awe mmoja wao? Au atabaki mgeni mpaka kufa, hata akijua lugha yao na kula chakula chao?

Katika makala hii tutalitazama swali hili kwa njia tatu. Kwanza tutayachunguza maneno ya lugha yetu wenyewe. Pili, tutawatazama watu wawili wa historia ya kanisa letu walioishi ugenini miaka mingi. Tatu, tutasikiliza Maandiko. Mwishoni tutajiuliza jambo hili latuhusu nini sisi tunaojiandaa kutumwa, na sisi tunaowapokea waliotumwa.

1. Maneno tunayoyatumia

Kiswahili kina maneno manne yanayofaa kutenganishwa. Mgeni ni yule aliyekuja. Mkazi ni yule anayekaa. Huyu aweza kukaa miaka thelathini asijue jina la jirani yake. Mwenyeji ni yule mwenye mahali, na alama yake ni kwamba yeye ndiye anayewapokea wengine. Neno la nne ni mwenzetu, nalo ndilo zito kuliko yote, kwa sababu halisemwi na mtu juu ya nafsi yake mwenyewe. Mtu aweza kusema, "Mimi ni mkazi wa hapa". Hawezi kusema, "Mimi ni mwenzenu," likawa kweli kwa sababu amelisema. Hana budi kungoja mpaka wengine walitamke.

Methali zetu nazo zina mafundisho yasiyofanana. Ile inayosema, "Ukifika kwa wenye chongo, vunja lako jicho," yamwamuru mgeni aache hata kilicho chema kwake ili afanane na wenyeji. Ile inayosema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," haimwambii aache kitu. Yamwambia ashike kazi ya nyumba ile. Na ya tatu, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," yasema kwamba mwenyeji naye ana haja, na kwamba mgeni aweza kuja na uponyaji ambao nyumba haikuwa nao. Tukizipima methali hizi pamoja, twaona kwamba ya kwanza haipatani na hizo mbili nyingine. Maana kama mgeni amelivunja jicho lake mlangoni, mwenyeji ataponywa na nini?

2. Bruno Gutmann: aliyejua mila kuliko vijana

Katika historia ya misioni ya Kilutheri huenda hakuna mgeni wa Kilimanjaro aliyejitahidi kuingia katika utamaduni wa wenyeji kuliko Bruno Gutmann. Alizaliwa Dresden, Ujerumani, mwaka 1876, akaja Afrika ya Mashariki mwaka 1902. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa Old Moshi, huko Kidia. Mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, alifukuzwa pamoja na wamisionari wengine wa Kijerumani. Alirudi katikati ya miaka ya 1920, akakaa mpaka mwaka 1938. Alifariki kwao Ujerumani mwaka 1966.

Gutmann alijifunza Kichaga kwa undani, akakaa miguuni pa wazee, akaandika waliyomfundisha. Kitabu chake kikubwa juu ya sheria za Wachaga kilitolewa mwaka 1926, na mafundisho waliyopewa vijana wa zamani aliyaandika katika juzuu tatu zilizotoka kati ya mwaka 1932 na 1938. Leo hata msomi wa Kichaga anayetaka kujua babu zake waliamuaje mashauri ya ardhi, ya ndoa au ya mifongo ya maji, mara nyingi hulazimika kumwendea mgeni huyu.

Wala hakufanya hivyo kwa udadisi tu. Aliamini kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Mungu Muumba aliwafungia wanadamu, na kwamba Injili haikuja kuvikata bali kuvitakasa. Kwa hiyo aliujenga usharika juu ya vifungo hivyo. Majirani walipewa wazee wa kuwaangalia, na vijana wa kipaimara waliunganishwa ili walindane kwa mfano wa rika la zamani. Wakati wamisionari wengi walipoona giza tupu katika mila zetu, yeye aliona kazi ya mikono ya Mungu. Kwa jambo hili kanisa lina deni kwake.

Hata hivyo hatuna budi kuutazama na upande wa pili. Miaka ile ile Gutmann alipokuwa akiandika mafundisho ya wazee, vijana wa Kichaga walikuwa wakitazama kwingine. Mwaka 1925 wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha kahawa, ambacho ndicho kilichotangulia ule ushirika mkubwa wa KNCU ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1930. Vijana walitaka shule zaidi, na walitaka lugha zitakazowafikisha nje ya mlima. Gutmann aliyatazama mambo ya fedha, ya mji na ya elimu ya kizungu kwa mashaka makubwa. Alikwisha kuona huko Ulaya jinsi yalivyowatenga watu na ndugu zao, akaogopa yasiwapate Wachaga.

Hofu yake haikuwa ya kipumbavu. Mchungaji yeyote wa usharika wa mjini leo aweza kumtolea ushahidi. Lakini hapa ndipo tunapoona hatari iliyojificha katika safari ya mgeni. Mgeni aweza kuupenda utamaduni wa wenyeji kama ulivyokuwa siku alipoujifunza, akautunza kama mtu atunzavyo hazina, mpaka akawa mlinzi wake hata mbele ya wenyewe. Mwenyeji hana hofu ya kubadili nyumba yake, kwa kuwa ni yake. Huvunja ukuta huu na kujenga ule, na nyumba yabaki kuwa yake. Mgeni hawezi kuvunja ukuta wa nyumba asiyoijenga, na akiona mwenyeji anauvunja aweza kulia kuliko mwenyeji. Basi kuijua mila kuliko vijana wa kabila hakumfanyi mtu kuwa wa kabila lile. Pengine kunaonyesha kwamba bado anaitazama kutoka nje.

Iko habari nyingine ya miaka hiyo ambayo yastahili kukumbukwa. Wageni walipoondolewa mwaka 1920, sharika za Kilimanjaro hazikufa. Walimu na wainjilisti wa Kichaga walifundisha, walizika, waliongoza ibada, na idadi ya waumini haikupungua kwa kukosa Wazungu. Kazi ya mgeni ilijulikana ubora wake alipokuwa hayupo. Hapo Gutmann alithibitishwa kwa njia ambayo vitabu vyake visingeweza kumthibitisha, maana usharika alioulea uliweza kusimama bila yeye.

3. Mama Barbro: aliyepewa jembe

Mfano wa pili ni wa mwanamke aliyejulikana kote nchini kwa jina la Mama Barbro. Barbro Johansson alizaliwa Uswidi mwaka 1912, akaja Tanganyika mwaka 1946 kama mmisionari mwalimu. Alifanya kazi katika nchi ya Buhaya, akafundisha wasichana wakati ambapo wazazi wengi, na hata baadhi ya Wakristo, waliona kumsomesha binti ni kupoteza mali. Mwaka 1959 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria akiungwa mkono na TANU. Huo ulikuwa wakati wa uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Baada ya uhuru alichukua uraia wa nchi hii, akaendelea kuwa mbunge, na katika miaka ya 1960 aliongoza shule ya wasichana ya Tabora. Alifariki mwaka 1999.

Tukimlinganisha na Gutmann twaona tofauti. Mama Barbro hakuacha vitabu vikubwa juu ya mila za Wahaya. Hatuwezi kusema kwamba aliujua utamaduni wa Kihaya kama yule alivyoujua wa Kichaga. Lakini alishikishwa jembe. Alikubali kusimama mahali ambapo wenyeji waliweza kumchagua au kumkataa, kumsifu au kumlaumu. Alipozungumza bungeni hakuzungumza kama mshauri aliyetumwa na watu wa mbali, bali kama mtu ambaye sheria itakayopitishwa itamfunga na yeye.

Wala hakulivunja jicho lake. Mafundisho aliyoleta juu ya elimu ya wasichana hayakuwa ya mila zilizokuwapo, yaliziudhi. Lakini aliyaleta akiwa ndani, kwa namna ambayo akina mama wa nchi hii waliyachukua yakawa yao. Hapo methali zetu mbili zimekutana: aliyepewa jembe siku ya tatu ndiye ambaye kwa kuja kwake mwenyeji alipona.

Kwa mifano hii miwili twaweza kusema hivi. Kujua ni hatua ya kwanza, na asiyejua hawezi kuingia. Lakini mtu haingii kwa kujua tu. Huingia anapokubali kuwajibika mbele ya wale anaokaa nao: wanapoweza kumkosoa naye asikimbilie kwao, na shida yao inapomgharimu na yeye.

4. Maandiko yanasemaje?

Biblia imejaa wageni, na haifichi ugumu wao. Musa alipokimbilia Midiani, binti za kuhani walimweleza baba yao kwamba wamesaidiwa na Mmisri (Kutoka 2:19). Huyu alikuwa Mwebrania katika jumba la Farao, na sasa mavazi yake na matamshi yake vilimfanya Mmisri machoni pa Wamidiani. Alikaa huko, akaoa, akachunga kondoo wa mkwewe. Na hata hivyo alipopata mwana alimpa jina la Gershomu, kwa kuwa alikumbuka ugeni wake (2:22). Ndoa, kazi na miaka mingi havikuufuta ugeni moyoni mwake. Wala Mungu hakumlaumu kwa hilo. Alimwita kutoka katika ugeni ule ule.

Habari ya Ruthu yatupeleka mbele zaidi. Kiapo chake kwa Naomi ni kiapo cha kuingia kabisa: watu, Mungu, hata kaburi (Ruthu 1:16-17). Lakini msomaji mwangalifu ataona kwamba baada ya kiapo hicho kitabu hakikuacha kumwita Mmoabu. Anaitwa hivyo shambani, na anaitwa hivyo langoni mbele ya wazee (2:2, 4:5, 10). Kiapo chake peke yake hakikutosha kumfanya Mwisraeli. Jambo lilikamilika pale langoni, wazee na watu wote walipomwombea awe kama Raheli na Lea walioijenga nyumba ya Israeli (4:11). Mgeni alijitoa, wenyeji wakampokea. Yakikosekana mojawapo, hakuna kuingia. Na Mathayo anapoandika ukoo wa Bwana wetu hamwachi Ruthu nje (Mathayo 1:5). Mmoabu amekuwa bibi wa Masihi, na bado twajua kwamba alikuwa Mmoabu.

Katika Agano Jipya kipimo kikawa meza. Huko Antiokia Petro alikula pamoja na watu wa mataifa, kisha walipokuja watu fulani akajitenga, na Paulo akampinga mbele ya wote (Wagalatia 2:11-14). Angalieni kwamba Paulo hakuliita kosa lile upungufu wa adabu. Aliliita kutokwenda sawasawa na kweli ya Injili. Kama twahesabiwa haki kwa imani tu, basi hakuna kabila linaloweza kudai kwamba lazima mwingine awe kama lenyewe kwanza ndipo akubaliwe. Ndiyo maana Waefeso waliambiwa kwamba wao si wageni tena bali ni watu wa nyumbani mwake Mungu (Waefeso 2:19), wala hawakuambiwa waache kuwa Waefeso.

Sisi Walutheri tumefundishwa kwamba Mkristo ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati uo huo. Huenda mafundisho haya yatusaidie hapa kwa mfano. Mtu anayeishi katika utamaduni wa wengine ni mgeni na mwenzao kwa wakati uo huo. Si kwamba leo ni nusu mgeni na kesho robo, mpaka ugeni uishe. Ugeni wake utadumu. Kukubaliwa kwake nako kwaweza kuwa kamili. Anayengoja ugeni uishe ndipo aanze kuwapenda watu atangoja mpaka kaburini.

5. Je, sisi ni wenyeji wapi?

Yafaa sasa tujiulize wenyewe, maana ni rahisi kumpima Mzungu. Tumezika waumini wengi waliokaa Dar es Salaam miaka arobaini. Walijenga nyumba huko, walisomesha watoto huko, walikuwa wazee wa kanisa huko. Lakini siku ya kufa jeneza likapandishwa gari usiku, likapelekwa kihambani, Kilimanjaro. Mtoto aliyezaliwa Dar es Salaam akiulizwa kwao ni wapi, hutaja kijiji anachokiona wakati wa Krismasi tu. Hatusemi kwamba desturi hii ni mbaya. Twasema kwamba inatuonyesha ukweli: hata ndani ya nchi moja, penye lugha moja na kanisa moja, mtu aweza kuwa mkazi kwa maisha yake yote, na kaburi lake likashuhudia kwamba moyo wake ulikuwa kwingine. Basi tusimdai mgeni wa kutoka ng'ambo jambo ambalo sisi kwa sisi hatujalifanya.

Zaidi ya hayo, siku hizi njia si ya upande mmoja. Dayosisi zetu hutuma wachungaji kwa makanisa rafiki ya Ujerumani na Marekani, na wengine wetu huenda huko kwa masomo. Wakristo wanaosema Kiswahili hukusanyika kwa ibada katika miji ya huko. Mchungaji aliyezoea kusalimia kwa kirefu, kuuliza habari za nyumbani, za kazi na za watoto, atakutana na watu wanaomaliza salamu kwa neno moja, kisha wanaingia katika ajenda. Ataona kwamba hawamchukii. Lugha ya Kijerumani yenyewe ina neno moja la kumwita mtu wa karibu na jingine la kumwita mtu wa heshima au asiyezoeleka, na kutoka neno hili kwenda lile ni hatua ambayo haichukuliwi bila ruhusa. Aliyetumwa ajifunze mlango huo uko wapi, wala asiuvunje wala asikae nje akinung'unika.

Kwake yeye twaweza kutoa mashauri haya matatu. La kwanza, ajifunze lugha ya watu hata aweze kukosewa heshima kwa lugha hiyo na kusamehe kwa lugha hiyo. Kuhubiri kwa lugha ya wengine ni rahisi kuliko kugombana na kupatana kwa lugha yao. La pili, aombe jembe. Asikubali kuwa mgeni wa heshima anayesimamishwa jumapili moja ili aimbe wimbo wa Kiafrika, kisha akaketi. Atafute zamu ya kutembelea wagonjwa na kuzika. La tatu, asilivunje jicho lake. Kanisa lililomwita lina haja ya anachokiona yeye ambacho wao hawakioni, na Kristo atamdai hesabu ya karama hiyo.

Nasi tunaopokea, je? Katika sharika zetu wamo wakimbizi kutoka Burundi na Kongo, wamo wafanyakazi kutoka mikoa ya mbali, wamo mabibi walioolewa kutoka kabila jingine ambao baada ya miaka ishirini bado wanaitwa kwa jina la kabila lao wanapokosea, na kwa jina la watoto wao wanapofanya vema. Sheria ya Bwana ni wazi: mgeni akaaye nanyi awe kama mzalia, nanyi mmpende, kwa kuwa mlikuwa wageni katika nchi ya Misri (taz. Walawi 19:33-34). Amri hii haikuwekwa juu ya mgeni. Imewekwa juu ya mwenyeji.

Hitimisho

Tumeuliza kama mgeni aweza kuingia kweli katika utamaduni usio wake. Tukimaanisha kwamba afute alikotoka, awe kama aliyezaliwa pale, tujibu kwamba hawezi, wala hahitajiwi kufanya hivyo. Musa hakuweza, na Ruthu hakuombwa. Lakini tukimaanisha kwamba awe mwenzao, mwenye zamu yake katika kazi, sauti yake katika baraza na nafasi yake mezani, tujibu kwamba aweza, kwa masharti mawili. Yeye akubali kuwajibika kwao, nao wafungue lango.

Sharti la kwanza twaweza kulifundisha hapa chuoni, kwa lugha, kwa historia na kwa mazoezi ya sharikani. La pili haliwezi kufundishwa na aliyetumwa. Liko mikononi mwa wazee wakaao langoni. Wengi wetu, kabla hatujatumwa ng'ambo, tutakuwa miongoni mwa wazee hao katika usharika fulani. Atakapokuja mtu mwenye matamshi ya mbali, amesimama nyuma ya kanisa bila kujua aketi wapi, swali la makala hii litakuwa limehama kutoka kwake, limekuja kwetu.